Chombo Chako Kikishikwa

Ni nani katika miji yetu ya Butembo na Beni asiyejua uchungu wa baba aliyeondoka alfajiri juu ya pikipiki yake, akarudi jioni kwa miguu? Chombo kimeshikwa, na pamoja nacho zimeshikwa chumvi, sabuni na karo ya watoto.

Mwaka 1955 polisi wa Denver, huko Marekani, walianza kufunga magurudumu ya magari ya watu wenye deni la faini. Chuma chenyewe kilibuniwa na Frank Marugg, mpiga fidla. Wafaransa wakakiita kiatu cha Denver. Kwetu mara nyingi hakuna kiatu hicho: chombo husukumwa hadi uani kwa polisi. Lakini maana ni ile ile: hakitoki mpaka shauri limalizike.

Sisi wenyewe tulipatwa. Bima yetu ilikuwa imepitwa na muda. Kosa lilikuwa letu. Askari mmoja akatunong'oneza kiasi kilicho chini ya faini, nasi tukampa mkononi, tukaondoka tukijiona werevu. Siku ya nne, katika safari ya kilomita 54 kwenda Beni, tukasimamishwa tena. Bima hatukuwa nayo, stakabadhi hatukuwa nayo. Tukalipa mara ya pili. Jioni mama wa nyumba akauliza, «Fedha za chakula ziko wapi?» Tukanyamaza kwa aibu.

Basi, yafaa kufanya nini? Kwanza, usivunje kufuli wala usitoroshe chombo usiku, maana kosa moja litazaa mawili. Pili, uliza kwa heshima kosa lako ni lipi, na uombe liandikwe. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 yamhusu askari, nawe pia yakuhusu. Tatu, kabla ya kukiacha chombo, andika hali yake: vioo, betri, mafuta. Nne, faini ya serikali hulipwa benki kwa hati ya DGRAD, wala si kiganjani mwa mtu; nawe uitunze stakabadhi. Tano, sahihisha kilichokupata: permi, plaki au bima. Tangu sheria ya 2015 SONAS si mwuzaji wa bima wa pekee, lakini bima yenyewe ingali lazima. Fedha zikipungua, heri kukopa kwa ndugu au katika likelemba, na kumwambia mkeo ukweli siku ile ile.

Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji, hakuwaagiza kuacha kazi yao. Aliwakataza kuwaonea watu kwa ajili ya fedha. Fundisho hilo ni lao, lakini latugusa nasi. Mkono upokeao kwa siri haujai pasipo mkono utoao. Tukiufumba wetu, tutakuwa tumewaachia watoto wetu barabara iliyo salama kidogo kuliko ile tuliyoikuta.