Thamostati Janja na Kanuni ya Zamani ya Joto

Majira ya baridi yanapofika nchini Uingereza, nyumba isiyopashwa joto haikaliki kwa raha. Ndiyo maana nyumba nyingi za huko zina boila, yaani mtambo uchomao gesi na kupasha maji moto. Pampu huyasukuma maji hayo mabombani hadi kwenye rejeta zilizofungwa ukutani vyumbani; yakishapoa hurudi kwenye boila kupata moto upya. Rejeta hizo hufanya kazi ile ile ya rejeta ya motokaa: kulitoa joto katika maji na kulipeleka hewani. Lakini ni nani aiamuruye boila iwake au izime?

Kwa miaka mingi amri hiyo ilitoka kwa vyombo viwili. Cha kwanza ni saa yenye gurudumu lizungukalo mara moja kwa siku. Gurudumu hilo lina vijino ambavyo mwenye nyumba huvisogeza ili kuchagua wakati wa kuwasha na wa kuzima. Cha pili ni thamostati, yaani kidhibiti cha joto. Ndani ya thamostati nyingi za zamani mna ukanda wa metali mbili zilizogandamana, mathalani aloi ya shaba na zinki kwa upande mmoja, na aloi maalumu ya chuma na nikeli kwa upande wa pili. Joto likizidi kwa nyuzi moja ya Sentigredi, mita moja ya aloi ya kwanza hurefuka kwa sehemu 19 hivi za milioni za mita, na ile ya pili kwa kiasi cha sehemu moja tu. Kwa kuwa haziwezi kuachana, ukanda hauna budi kupinda, na katika kupinda huko hukata umeme. Chumba kikipoa, ukanda hunyooka na umeme hupita tena. Ukanda wa namna hii umo pia katika pasi nyingi za umeme.

Vyombo hivi viwili huungwa kwa mfuatano, hivyo boila haiwaki mpaka vyote viwili vikubaliane. Saa haijui baridi, na thamostati haijui wakati.

Yafaa walimu wajue kwamba mmoja wa waasisi wa chombo hiki alikuwa mwalimu mwenzao. Warren Johnson alifundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mtumishi wa chuo alikuwa akiingia darasani kutazama kipimajoto, kisha akishuka chini kurekebisha tanuri. Johnson alibuni chombo cha umeme kilichompigia mtumishi kengele huko huko chini, na mwaka 1883 akapata hataza yake.

Thamostati janja huunganisha kazi za saa na za thamostati katika chombo kimoja. Mahali pa ukanda pamewekwa kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto libadilikavyo, na kompyuta ndogo huusoma ukinzani huo. Baadhi ya vyombo hivi hupima pia kasi ya nyumba kupata joto. Tuseme nyumba hupanda nyuzi 3 kwa saa, na wenyewe wanataka nyuzi 20 ifikapo saa 1.00 asubuhi. Ikiwa nyumba imeshuka hadi nyuzi 14, boila itawashwa saa 11.00 alfajiri, ikiwa ni nyuzi 17, itangoja hadi saa 12.00. Saa ya zamani ingewasha wakati ule ule kila siku, iwe baridi ni kali au si kali. Kadhalika, kwa njia ya intaneti, mwenye nyumba aliye safarini aweza kuizima boila kwa simu yake.

Je, chombo hiki hupunguza gharama? Jibu limo katika fizikia. Nyumba hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti ya joto la ndani na la nje. Ikiwa nje ni nyuzi 5 na ndani ni 20, tofauti ni 15. Tukishusha joto la ndani hadi nyuzi 19, tofauti huwa 14, na upotevu hupungua kwa sehemu moja katika 15, yaani karibu asilimia 7. Basi akiba hutokana na kupunguza tofauti hiyo au muda wake. Mtu aliyeweza kuisogeza saa yake kwa uangalifu na kushusha thamostati kila atokapo, hatapata faida kubwa kwa kununua chombo kipya. Vilevile, kuielekeza thamostati kwenye nyuzi 30 hakuharakishi joto, kwa sababu boila iliyo wazi kabisa haina nguvu nyingine ya kuongeza.

Kubadilisha vyombo hivi si mchezo. Katika nyumba nyingi za Uingereza nyaya za saa na thamostati huwa na umeme wa volti 230, ilhali zile za Marekani kwa kawaida huwa na volti 24. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa nchi moja chaweza kuungua katika nchi nyingine. Hapana budi kuzima swichi kuu na kumwachia kazi hiyo fundi wa umeme aliyehitimu.

Liko jambo jingine la kupima. Thamostati janja ya Nest ilianza kuuzwa mwaka 2011, na kampuni ya Google ikainunua Nest mwaka 2014. Tarehe 25 Oktoba 2025 Google iliacha kuvihudumia vyombo vya kizazi cha kwanza na cha pili. Viliendelea kufanya kazi kwa kurekebishwa palepale ukutani, lakini havikuweza tena kuamriwa kwa simu. Ukanda wa metali mbili haumtegemei mtu aliye mbali. Hupinda kwa sababu metali hutanuka.

Anayetaka kubadilisha basi na aulize kwanza: intaneti ikikatika, au kampuni ikiacha kukihudumia chombo, je, nyumba itaendelea kupata joto? Jibu likiwa ndiyo, chombo hicho chafaa kufikiriwa. Likiwa siyo, ni heri saa ya zamani ibaki ukutani.