Daftari la Mashine ya Kusaga

Shemeji yangu ana mashine ya kusaga nafaka huko Kwanza, kaskazini mwa mji wa Kitale. Wafanyakazi wake ni watatu tu, na kwa miaka kumi na mmoja utaratibu wote wa kazi ulikaa katika kichwa cha mmoja wao, fundi mwenye umri wa kunizidi. Mwaka jana fundi huyo alilazwa hospitalini kwa majuma matatu. Kijana aliyeshika nafasi yake akapokea mahindi ambayo hayajakauka. Chekeche likaziba, injini ikalemewa, mkanda ukakatika. Akina mama waliokuja na gorogoro zao wakarudi nyumbani na mahindi yao.

"Shemeji, wewe ni mtu wa kalamu," akaniambia mwenye mashine. "Tuandikie kazi hii inavyofanywa."

Nilidhani ni shughuli ya siku moja. Kitabu cha mashine kilikuwapo, kwa Kiingereza, nami nikaketi kukitafsiri. Nilipofika mahali kinapomtahadharisha mwendeshaji kuhusu kelele zisizo za kawaida, niliandika maneno hayo hayo kwa Kiswahili sanifu, nikaridhika nafsini mwangu. Fundi, aliyekuwa amekwisha kupata nafuu, aliusoma ukurasa ule akacheka.

"Mwalimu, kelele ipi?"

Kwani yeye anazo tatu. Mashine *ikiguna*, umeitilia mahindi mengi kupita kiasi, punguza. *Ikipiga yowe*, mkanda umelegea na unateleza. *Ikigonga*, kuna msumari au jiwe ndani, ama nyundo mojawapo imelegea. Acha kutia mahindi, zima injini, wala usifungue kifuniko hadi kila kitu kitulie. Vitenzi vitatu, hatari tatu, tiba tatu. Tafsiri yangu ilikuwa imevifutilia mbali vyote. Mimi ninayewafundisha wanafunzi isimu nilihitaji mtu mwenye unga kwenye nyusi anionyeshe kwamba istilahi ilikuwapo tayari, tena bora kuliko yangu.

Basi nikatupa tafsiri, nikaanza kumsikiliza. Akanieleza kwamba nyundo zikilika upande mmoja hugeuzwa zitumike upande wa pili kabla ya kununua nyingine, na kwamba unga ukianza kutoka chenga chenga, chekeche ndilo la kukaguliwa kwanza. Kuhusu unyevu, wataalamu wanataka mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi asilimia 13.5, lakini kipimo cha kitaalamu shemeji hana. Fundi hutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mwenye mahindi huambiwa akayaanike tena. Msomaji asiudharau mstari huo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya.

Tulipofika katikati ya daftari, fundi akanyamaza. Kesho yake hakuja. Nilipomfuata nyumbani akaniuliza, kwa upole, "Mkishayaandika yote, mimi nitabaki na nini?"

Sikuwa na jibu, maana hofu yake ina historia. Frederick Taylor, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi mwaka 1911, alitamka wazi kwamba ni wajibu wa wasimamizi kukusanya maarifa ya jadi ya wafanyakazi na kuyageuza kuwa kanuni. Wafanyakazi wengi walielewa upesi maarifa hayo yalikuwa yakihamia kwa nani. Isitoshe, fundi wetu hakuwa na mkataba ulioandikwa, ingawa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaudai kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na inamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi mkataba huo katika lugha anayoielewa. Tulikuwa tunaandika kila kitu isipokuwa haki yake.

Nilimwambia shemeji kwamba sitaandika neno jingine kabla ya hilo kurekebishwa. Alinuna siku mbili. Kisha mkataba ukaandikwa, kwa Kiswahili, ukisema kwamba fundi ndiye mkufunzi na atalipwa ziada kwa kila kijana atakayemfunza. Jina lake liko juu ya jalada la daftari. Langu halimo, na ndivyo inavyostahili.

Walimu wenzangu, tunapofundisha utungaji wa maagizo, aghalabu tunawapa wanafunzi ile ile "Jinsi ya kupika chai", jambo ambalo kila mtoto darasani analijua. Hebu tuwatume kwa mshona viatu wa Bungoma au kwa mchomelea vyuma wa Kitale, waandike kazi asiyoijua msomaji, na mwenye kazi ndiye asahihishe. Lakini kwanza wamwombe ruhusa.

Daftari linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, limekwisha kuwa jeupe kwa unga. Nilipopita Kwanza mwezi uliopita niliufungua ukurasa wa kelele. Fundi ameongeza ya nne, kwa mwandiko wake mwenyewe: *ikikohoa*. Nimemuuliza ni nini. Akasema niende siku ya soko, nikaisikie.