Joto la Kaskazi Huumiza Utumbo wa Kuku: Majani ya Mlonge Yanaweza Kusaidia

Kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, wafugaji wengi wa kuku katika Kaunti ya Kilifi huona mambo yale yale. Kuku huacha kula mchana, hutanua mabawa na kuhema mdomo wazi. Kinyesi huwa cha majimaji. Mayai hupungua na maganda yake huwa membamba. Mfugaji akiona kuku wanahara hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki, na mara nyingi pesa hiyo hupotea bure, kwa sababu kilichoumiza utumbo si viini vya ugonjwa bali ni joto.

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na hewa inapopita nyuzi 30 hulazimika kujipoza kwa kuhema na kwa kusukuma damu nyingi kwenye ngozi, miguu na upanga wa kichwani. Damu hiyo hupunguzwa kutoka tumboni, na utumbo hukosa oksijeni ya kutosha. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli zilizoshikana kama matofali. Joto likizidi, viungio vya seli hizo hulegea. Sumu za bakteria wanaoishi tumboni, ambazo kwa kawaida hubaki humo humo, hupenya hadi kwenye damu. Mwili huanza kupambana nazo, na nguvu ambayo ingeenda kwenye nyama na mayai huishia hapo. Ndiyo maana kuku hukonda ilhali chakula kipo.

Mimea nayo hukaa juani siku nzima. Baadhi ya kinga yake ni kemikali za asili ziitwazo flavonoidi, ambazo ziko za maelfu ya aina. Kwasetini imo kwenye vitunguu na majani ya mlonge, na hesperidini imo kwenye maganda ya machungwa. Watafiti katika nchi mbalimbali wamewalisha kuku wa nyama kemikali za aina hii wakiwa kwenye joto kali, na mara nyingi utumbo wao umeharibika kidogo kuliko wa kuku ambao hawakupewa. Flavonoidi hupunguza chembe haribifu zinazotokea mwili unapozidiwa na joto, hutuliza uvimbe na husaidia viungio vya seli kubaki vimekaza. Matokeo hayafanani kila mara, kwani kipimo na ukali wa joto hutofautiana. Tena hakuna jani litakalomwokoa kuku aliyefungiwa ndani ya banda la mabati lisilopitisha hewa.

Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, hupatikana kwa urahisi na majani yake ni mboga inayojulikana. Kwa kuku, majani huchumwa yakiwa mabichi na kuanikwa kivulini, si juani, maana jua kali hupunguza ubora wake. Yakikauka hutwangwa yawe unga. Mfugaji anaweza kuanza na nusu kilo hadi kilo moja katika gunia la kilo 50 la chakula, akichanganya vizuri. Kuzidisha hakuna faida: majani yana nyuzinyuzi nyingi na tanini, na kuku waliolishwa kupita kiasi hukua polepole. Ni vyema kuanza wiki chache kabla ya joto kupanda, si siku ambayo kuku tayari wamelala chini wakihema. Vitunguu visitumiwe badala ya mlonge, hata kama vina kwasetini, kwa kuwa vikiwa vingi huharibu damu ya kuku.

Maji na hewa ndiyo mambo ya kwanza. Wakati wa joto kuku anaweza kunywa maji mara mbili ya kawaida au zaidi, lakini hukataa maji ya moto. Tangi jeusi lililo juani linafaa kufunikwa au kuhamishiwa kivulini. Paa la makuti hupoza banda kuliko mabati, na aliye na mabati anaweza kuweka makuti juu yake. Kwa kuwa kusaga chakula tumboni huongeza joto mwilini, chakula kitolewe alfajiri na jioni, na vyombo viondolewe saa za adhuhuri. Maji yasiondolewe kamwe.

Si kila kuhara ni joto. Kuku wakipinda shingo, wakipooza miguu, wakitoa kinyesi cha kijani au wakifa kwa wingi hata usiku wa baridi, huenda ni kideri, na hapo mlonge hausaidii. Mfugaji atenge wagonjwa, asiuze wala kuhamisha kuku yeyote, na amwite afisa wa mifugo wa wadi yake siku hiyo hiyo.