Aluminiamu ya Ndege: Heri Kupunguza Nguvu Kuliko Kualika Ufa

Watu wengi huamini kwamba metali bora ya ndege ni ile yenye nguvu kupita zote. Kwa viungo vinene, kama vile vishikizo vya mabawa na vya miguu ya kutulia, imani hiyo si sahihi. Chukua aloi ya 7075, inayotumika katika ndege tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndani ya aluminiamu yake mna takriban asilimia 5.6 ya zinki, 2.5 ya magnesiamu na 1.6 ya shaba. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 470 za Selsiasi ili viambato hivyo viyeyukie ndani ya aluminiamu, kisha hupozwa ghafla majini kabla havijapata nafasi ya kujitenga. Baadaye hurudishwa tanurini kwa nyuzi 120, saa 24. Hapo huzaliwa punje ndogo mno za zinki na magnesiamu zinazozuia tabaka za metali kuteleza. Hali hiyo huitwa T6, na metali iliyofikia hapo huhimili mvuto wa megapaskali 570 hivi kabla ya kukatika.

Ila nguvu hiyo ina gharama. Metali imejengwa kwa chembe zilizoshikana, na katika hali ya T6 mipaka ya chembe hizo hujaa punje zilizosongamana, ambazo huliwa na unyevu wenye chumvi upesi kuliko metali inayozizunguka. Kiungo kikiwa na mkazo wa kudumu, hata ule uliobaki tu baada ya kupozwa ghafla au kukazwa bolti, ufa hufuata mipaka hiyo na kurefuka kimyakimya. Udhaifu huonekana zaidi pale mkazo unapovuta kukatisha unene wa bamba: katika mwelekeo huo, T6 inaweza kupasuka kwa mkazo wa megapaskali 50 hivi tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake inayosifiwa.

Dawa yake ni kuiongezea metali joto hadi ipite kilele cha nguvu. Katika hali ya T73, kiungo hukaa kwanza kwenye nyuzi 107 hivi kwa saa kadhaa, kisha hupandishwa hadi kati ya nyuzi 160 na 180 kwa saa nyingi zaidi. Punje hunenepa, zile za mipakani huachana, na shaba huingia ndani yake na kupunguza kasi ya kuliwa. Nguvu hushuka kwa asilimia 10 hadi 15, lakini mkazo unaohimilika bila ufa katika mwelekeo ule dhaifu hupanda hadi karibu megapaskali 300. Tunatoa kidogo na kupata takriban mara sita.

Wapo watakaosema kwamba nguvu ikipungua kiungo lazima kiwe kinene zaidi, na uzito ni mafuta. Ni kweli, na ndiyo sababu wahandisi walibuni hali ya T77, inayokaribia nguvu ya T6 huku ikistahimili ulikaji. Ilitumika katika mabawa ya Boeing 777. Wengine watauliza kwa nini rangi isitoshe. Rangi hukwaruzwa, na matundu ya bolti hunasa maji mahali ambapo jicho halifiki. Hata hivyo, joto halifuti kazi ya rangi: T73 nayo huchimbika vishimo ikiachwa na chumvi, hivyo ndege zinazotua Zanzibar au Mombasa bado zinahitaji kuoshwa na kupakwa kinga.

Jambo lisilopaswa kupuuzwa ni uhakiki. Kwa macho, T6 na T73 hazitofautiani, na kipimo cha ugumu peke yake hakitoshi. Kinachofichua ni upitishaji wa umeme: T6 hupitisha karibu asilimia 33 ya kiwango cha shaba safi, T73 angalau asilimia 38. Kwa sababu hiyo, kiungo kilichopata moto au kulegezwa kwa joto ili kinyooshwe kisirudishwe kwenye ndege kabla hakijapimwa. Anayenunua kipuri asiridhike na jina la aloi. Adai pia hati ya joto lililokipitia.