Umoja Usio na Masikio

Kila mwanachama amekwisha kusikia kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuchoki kuyarudia. Lakini si kila umoja hudumu. Umekwisha kuwapo umoja wenye nidhamu, ushujaa na silaha kali, na bado ukavunjika. Leo twataka kuutazama mmoja wa namna hiyo, nao ni ule wa nyambizi za Kijerumani katika vita vya 1939 hadi 1945. Hatufanyi hivyo kwa kupenda vita. Twafanya hivyo kwa kuwa vita hivyo vya chini ya maji viliwameza watu wetu pia, na kwa kuwa yaliyozishinda nyambizi hizo yanaweza kukishinda chama chochote.

Uingereza ni kisiwa. Chakula chake, mafuta yake na chuma chake vilipita baharini, na Wajerumani walijua kwamba njia hiyo ikikatwa, Uingereza itasalimu amri. Tangu mwaka 1917 Waingereza walikuwa wamejifunza kuzikusanya meli za biashara katika misafara, thelathini au arobaini pamoja, zikilindwa na manowari. Nyambizi moja haikuweza kitu mbele ya msafara. Karl Dönitz, nahodha wa nyambizi aliyetekwa na Waingereza mwaka 1918, alilifikiri sana jambo hilo. Shauri lake lilikuwa fupi: ikiwa meli husafiri kwa kundi, basi nyambizi nazo ziwinde kwa kundi, kama mbwa mwitu.

Uwindaji wenyewe ulikwenda hivi. Nyambizi zilipangwa mstari mrefu kukingama njia ya meli. Ile iliyouona msafara haikuruhusiwa kushambulia peke yake. Iliufuata kwa mbali, na kupeleka habari kwa simu ya upepo hadi makao makuu ya Dönitz, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 1940 yalikuwa karibu na Lorient katika Ufaransa. Kutoka huko amri ilitolewa, na nyambizi nyingine zikakusanyika. Usiku ulipoingia zilishambulia pamoja, tena zikiwa juu ya maji. Juu ya maji ziliweza kukimbia maili za bahari 17 kwa saa, mara mbili ya mwendo wa misafara ya polepole, na vyombo vya Waingereza vya kusikilizia mwangwi ndani ya maji havikuweza kuzitambua.

Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwezi wa Oktoba 1940 msafara ulioitwa SC 7, wenye meli 35 zilizotoka Kanada, ulipoteza meli 20. Nahodha mmoja, Otto Kretschmer, aliingia na nyambizi yake katikati ya safu za meli na kuzipiga kutoka ndani. Walinzi wakakimbilia nje gizani kumtafuta adui ambaye alikuwa amekwisha kuingia nyumbani.

Hapo ndipo tofauti ya pande hizi mbili ilipoanza kuonekana. Waingereza, kwa kuumia, walianza kuuliza. Mwezi wa Januari 1942 ofisa mmoja, Gilbert Roberts, ambaye jeshi lilikuwa limemstaafisha kwa sababu ya kifua kikuu, alipewa vyumba katika mji wa Liverpool ili achunguze siri ya mbwa mwitu hao. Wasaidizi wake wengi walikuwa wasichana, wengine hawajatimiza miaka 20, ambao hawakupata kupigana baharini. Sakafu waliifanya bahari, wakachora njia za meli kwa chaki, na kucheza tena kila pigano. Maofisa waliokuja kujifunza waliwekwa nyuma ya pazia lenye tundu dogo, waone kiasi kile tu ambacho nahodha huona usiku.

Kwa mchezo huo waligundua kwamba nyambizi ziliingia kwa nyuma ya msafara, zikapiga kutoka ndani ya safu, kisha zikazama na kuuacha msafara upite juu yao. Basi wakatunga mbinu mpya: meli ikipigwa, walinzi wasikimbilie nje, bali warudi nyuma ya msafara kwa mpango na kuyachuja maji yale. Jean Laidlaw, mmoja wa wasichana hao, ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina. Maofisa karibu 5,000 walipita katika vyumba vile, na mabaharia wenye ndevu za mvi wakakubali kufundishwa na mabinti.

Upande wa pili Dönitz alikuwa na nguvu ambayo ilikuwa pia ugonjwa. Kundi lake lote lilitegemea mazungumzo na mtu mmoja. Kila nyambizi ilipofungua kinywa ili kumpasha habari, ilijitaja mahali ilipo, na Waingereza walitengeneza vyombo vya kuutambua upande ilikotoka sauti hiyo. Tena maneno yenyewe, yaliyofichwa kwa mashine ya Enigma, yalikuwa yakifumbuliwa. Dönitz alishuku zaidi ya mara moja, akaomba uchunguzi. Wataalamu wakamjibu kwamba Enigma haifumbuliki, naye akaridhika. Wakalaumu rada, wakatafuta wapelelezi, lakini mashine yao hawakuiacha.

Waingereza nao walikuwa na uziwi wao, kwani kwa muda mrefu Wajerumani walikuwa wakisoma siri za misafara. Lakini walipopata dalili ya jambo hilo walizibadili siri zao, mwezi wa Juni 1943.

Hatuwezi kuacha kumtaja kijana mmoja. Mwezi wa Februari 1942 nyambizi za Atlantiki zilipewa Enigma mpya, na Waingereza wakawa vipofu kwa miezi kumi. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati, manowari Petard iliilazimisha nyambizi U-559 kuibuka. Anthony Fasson na Colin Grazier waliingia ndani yake ili kutoa vitabu vya siri. Aliyevipokea ngazini alikuwa Tommy Brown, mtumishi wa kantini mwenye miaka 16. Nyambizi ikazama na wale wawili. Kijana akaokoka, na vitabu vikasaidia kuifungua siri ile upya mwezi wa Desemba.

Mwezi wa Machi 1943 mbwa mwitu walizamisha meli 22 katika misafara miwili. Mei ikageuka. Ndege za kwenda mbali, rada mpya, meli mpya kutoka viwanda vya Marekani na mbinu zilizofunzwa Liverpool, vyote vilifika pamoja. Katika mwezi huo nyambizi 41 ziliangamia, na tarehe 24 Dönitz akaziondoa katika Atlantiki ya Kaskazini. Kabla ya vita kwisha, katika kila Wajerumani wanne waliokwenda na nyambizi, karibu watatu walikuwa wamekufa. Ushujaa hawakuukosa.

Wala tusisahau waliolipa gharama ng'ambo ya pili. Mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa, miongoni mwao Wahindi na Waafrika waliolipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu. Mpaka Mei 1941 wengi walikatiwa mshahara tangu siku meli yao ilipozama. Na tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27, ikazama kwa dakika zisizozidi mbili. Watu karibu 1,300 walikufa, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari iliyomwinda adui huyo ilikuwa Petard ile ile, nayo ilitupa mabomu mahali ambapo walionusurika walikuwa wakiogelea, kwa kuwa nyambizi ilijificha chini yao. Askari wetu hawakuwa na sauti katika baraza lililoamua vita vile. Maamuzi yalifanywa juu. Maji yalikuwa chini.

Ndugu zetu wa matawi na wa viwandani, tunayo mazoea ya kumwita mtu anayeuliza kuwa ni mvunja umoja. Kuli anayesema kwamba mnyororo wa winchi umelika huambiwa anachelewesha kazi. Mwanachama anayesema kwamba hesabu katika taarifa si sawa huambiwa akae chini. Twamwomba kila mwenyekiti kwamba katika mkutano ujao, kabla ya kuufunga, amtafute yule ambaye hajasema neno, ampe nafasi, na lile atakalolisema liandikwe katika kumbukumbu kama yanavyoandikwa maneno ya wakubwa.