Sayari Haziingii Nyumbani, Tafsiri Ndiyo Huingia

Katika unajimu wa Kihindi, unaojulikana kama Jyotisha, nyumba ya nne ya chati ya kuzaliwa ndiyo yenye habari za makao, mama, ardhi na utulivu wa moyo, na Mwezi ndio unaotawala hisia. Mwezi ukikutana na Zohali katika nyumba hiyo, mnajimu husoma uzito: mtu wa huzuni ya ndani, mama aliyelea kwa taabu, makao yasiyo na kicheko. Ukikutana na Mshtarii, husoma baraka na moyo mkunjufu. Mapokeo haya ni ya kale na yana kanuni zake. Wala si mageni sana kwetu: watu wa pwani wamezijua buruji 12 kwa karne nyingi, na marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alizifanya nyota kuwa habari ya kila siku magazetini. Kwa hiyo swali linastahili jibu la uzito: je, mkutano wa sayari unaweza kuunda hali ya nyumba na moyo wa mtu wa Ushirombo, wilayani Bukombe? Hoja yangu ni kwamba sayari zenyewe haziwezi, ila tafsiri yake inaweza, na hapo ndipo penye jukumu.

Tuanze na mkutano wenyewe. Tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali vilionekana vimekaribiana kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, karibu kama nyota moja. Hata hivyo, kati yao kulikuwa na umbali wa zaidi ya kilomita milioni 700. Mkutano ni suala la mahali anaposimama mtazamaji, yaani sisi tulioko duniani. Huko angani hakuna kilichogusana. Zaidi ya hapo, wanajimu wa Magharibi walisema mkutano ule umetokea katika buruji ya Ndoo, na wale wa Kihindi wakasema ni katika buruji ya Mbuzi, kwa sababu hesabu zao zimepishana kwa nyuzi 24 hivi. Tukio ni lilelile na usiku ni uleule, ila maana zimekuwa mbili. Kama nguvu ingekuwa ya sayari, isingebadilika kwa kubadili mahali pa kuanzia kuhesabu.

Nyumba ya nne nayo huhesabiwa kutoka buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtu alipozaliwa, na buruji hiyo hubadilika takribani kila baada ya saa mbili. Anayezaliwa mpakani mwa buruji mbili huhitaji saa yake ijulikane kwa dakika. Sasa, wazee wengi wa Bukombe wanaujua mwaka wao wa kuzaliwa kwa kumbukumbu ya njaa au ya mvua kubwa. Saa ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Hata ikiwa imeandikwa, saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Ushirombo iko karibu na nyuzi 32, hivyo jua la pale huchelewa wastani wa dakika 50 na zaidi nyuma ya saa ya ukutani. Asiyezingatia tofauti hiyo anaweza kumhamishia mtu nyumba nzima. Tena Mwezi huzunguka buruji zote kwa siku 27 na kukaa siku mbili na kitu katika kila moja, kwa hiyo hupitia buruji yenye Zohali kila mzunguko. Takribani mtu mmoja kati ya 12 amezaliwa na viwili hivyo katika buruji moja. Je, ni kweli kwamba mmoja kati ya kila jirani zetu 12 amebeba huzuni ileile?

Wapo watakaosema kwamba Mwezi unavuta maji ya bahari, na mwili wa binadamu una maji mengi. Lakini kujaa na kupwa hutokana na tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Hata katika Ziwa Viktoria tofauti hiyo ni ndogo mno, sembuse katika mwili wenye urefu wa mita moja na nusu. Wengine watauliza: mbona mnajimu hupatia? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe wote wamepewa maneno yaleyale. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Huko India kwenyewe, mwanafizikia Jayant Narlikar aliwapa wanajimu 27 chati 40 kila mmoja, watenganishe za watoto wenye akili nyingi na za watoto wenye ulemavu wa akili. Walipatia kwa asilimia 46, chini kidogo ya mtu anayerusha shilingi.

Lipo pingamizi la tatu, nalo nalipa heshima zaidi: hata kama si kweli, nyota humfariji mtu mwenye dhiki. Ni kweli, mtu aliyeumia anahitaji kusikilizwa, na mnajimu mara nyingi ndiye pekee anayempa nafasi ya kueleza yaliyomsibu. Ila tazama familia ya mchimbaji katika ukanda wa dhahabu. Baba amefuata rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu, miezi kadhaa, duara (shimo la kuchimbia) halijatoa kitu, deni la chakula linakua dukani. Akirudi, anachoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye jiko la mkaa palepale uani, na mvuke wake unavutwa na mama na watoto. Mvuke wa zebaki hudhuru neva: mikono hutetemeka, usingizi hukatika, hasira huja haraka, kumbukumbu hupungua. Mke anayeambiwa kwamba ukali wa mumewe umetokana na Zohali katika nyumba ya nne atanunua dawa ya nyota, na jiko litaendelea kuwaka uani.

Tena, Kanda ya Ziwa inajua gharama ya kutafuta chanzo cha msiba mahali pasipo na ushahidi. Vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, yaliyochomwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino waliwindwa kwa ahadi ya utajiri, hadi serikali ikatangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli. Siwaweki wanajimu wa Kihindi katika kundi la wauaji hao. Jyotisha haimwagizi mtu kuua. Lakini njia ya kufikiri inafanana pale tafsiri inapotoa jibu kabla ya maswali. Chati ikisema mama ndiye mzizi wa huzuni yako, utaanza kumtazama mama kwa jicho jingine, naye ataona, na nyumba itabadilika kweli. Hivyo ndivyo utabiri unavyojitimiza bila sayari kufanya lolote.

Ndiyo maana nasema anayesoma nyota za mtu ameshika kitu kizito. Kabla ya kutaja Zohali, na amuulize mteja wake analala saa ngapi, anadaiwa na nani, dhahabu inachomewa wapi, na mara ya mwisho kupima afya ilikuwa lini. Majibu ya maswali hayo yanaweza kuhakikiwa na kurekebishwa wiki hii hii, kwa kuhamishia jiko la zebaki mbali na nyumba, kumpeleka mgonjwa kituo cha afya, au kuwakutanisha mume na mke mbele ya mzee wanayemwamini.