Liamini sikio kabla ya jicho unaponunua spika za muziki wa klasiki

MNUNUZI aingiapo katika duka la vyombo vya muziki, jicho ndilo hutangulia. Huona kasha refu la mbao iliyong'arishwa, bei yenye tarakimu nyingi na jina la kampuni linalotajwa kwa heshima. Kabla hata wimbo haujaanza kuchezwa, huwa amekwisha kuamua moyoni ni spika zipi zilizo bora.

Jambo hili limethibitishwa na utafiti. Mnamo 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Harman nchini Marekani, waliwaketisha wasikilizaji 40 na kuwataka wazipe alama spika nne tofauti. Katika sehemu moja ya jaribio, spika zilifichwa nyuma ya pazia. Katika sehemu nyingine, wasikilizaji walizitazama wazi wazi.

Spika kubwa zenye sura ya kupendeza zilipanda alama mara tu zilipoonekana, nayo ile ndogo ya bei nafuu ikashuka, ilhali sauti zilikuwa ni zile zile. Zaidi ya hayo, wasikilizaji waliozitazama spika walishindwa kutambua vyema tofauti zilizoletwa na mahali spika zilipowekwa chumbani, tofauti ambazo waliziona bila shida walipotegemea masikio pekee.

Hii ni hoja nzito kwa mpenzi wa muziki wa klasiki. Jozi moja ya spika za kiwango cha juu huweza kugharimu fedha ambazo zingemlipia mtoto karo ya shule ya upili ya bweni tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Anayezitoa fedha hizo kwa kuongozwa na macho huenda akagundua nyumbani, wiki mbili baadaye, kwamba fidla zinamkwaruza masikio na kwamba hatamani tena kuketi na kusikiliza.

Kipimo ni ala yenyewe

Muziki wa klasiki una sifa moja inayoutenga na miziki mingi inayovuma mitaani. Wimbo uliotengenezwa studioni kwa ala za umeme hauna sauti ya asili ya kulinganishwa nayo, kwa kuwa sauti yake ya kwanza ni ile iliyotoka katika spika. Anayetafuta wufa ya kutikisa vioo vya matatu hawezi kuambiwa kuwa amekosea, maadamu hilo ndilo lengo la muziki wake.

Fidla, selo, filimbi na koo la mwimbaji, kwa upande mwingine, havihitaji umeme. Sauti yake huzaliwa hewani, na yeyote aliyewahi kuisikia ana kipimo halisi cha kuipimia spika.

Kwa sababu hiyo, safari ya kununua spika haianzi dukani. Huanza mahali ambapo wanadamu wanapiga ala. Hapa nchini, Okestra ya Nairobi hufanya maonyesho yake kila mwaka, na vijana wa mpango wa Ghetto Classics, ulioanzia mtaa wa Korogocho mnamo 2008, wamekwisha kupiga mbele ya hadhira nyingi. Kwaya za makanisa nazo ni shule tosha. Nyingi huimba kwaya ya Haleluya kutoka kwa utungo wa Handel uitwao Messiah, ulioimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin mnamo 1742.

Ukiwa hapo, sikiliza jinsi uta unavyougusa uzi kabla ya noti kukomaa. Sikiliza namna sauti ya kwaya inavyojaa ukumbini kisha ikafifia polepole baada ya waimbaji kunyamaza. Angalia pia kwamba fidla haina ule ukali wa kuchoma masikio ambao spika nyingi huuongeza ili kumvutia mnunuzi dukani.

Somo kutoka kwa BBC

Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliifuata njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wake walihitaji spika ndogo ya kutumiwa ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hapakuwa na nafasi ya spika za kawaida za studio. Waliyoibuni wakaiita LS3/5A. Kasha lake lina urefu wa takriban sentimita 30 tu.

Wahandisi wa shirika hilo walikuwa na desturi ya kumsikiliza mtu akizungumza studioni, kisha kuisikiliza sauti yake ile ile kupitia spika katika chumba cha pili. Hakuna sauti ambayo sikio la mwanadamu huijua kuliko ya mwanadamu mwenzake, hivyo kasoro ndogo hujitokeza mara moja. Sauti ikitoka kana kwamba msemaji ameziba pua au anazungumzia ndani ya pipa, spika imeshindwa.

Spika hiyo ndogo ilipata wapenzi kote duniani, na baadhi yao wanaitafuta hadi leo. Hata hivyo, ina mipaka yake. Haifiki chini kabisa kwenye sauti nzito, wala haiwezi kuijaza sebule kubwa kwa ngurumo za okestra kamili. Anayependa nyimbo za sauti moja na piano ataridhika nayo. Anayependa simfonia za Mahler atahisi pengo. Spika huchaguliwa kwa muziki utakaouchezwa nayo na kwa chumba itakamowekwa.

Takwimu zenye maana

Piano kubwa huanza na noti yenye mitetemo 27.5 kwa sekunde na kuishia kwenye noti yenye takriban mitetemo 4,186. Noti ya chini kabisa ya besi ya okestra yenye nyuzi nne ina mitetemo ipatayo 41, na ya fidla 196. Kinanda cha mabomba cha kanisa kubwa kinaweza kushuka hadi mitetemo 16, ambayo huhisiwa kifuani zaidi ya kusikika.

Juu ya noti hizo kuna sauti ndogondogo zinazoandamana nazo, na hizo ndizo hutuwezesha kuitambua fidla na kuitofautisha na filimbi. Lakini sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu mitetemo 20,000, na kiwango hicho hupungua kadiri umri unavyosonga. Tangazo linalojivunia spika inayofika mitetemo 40,000 linauza kitu ambacho mnunuzi hatakisikia.

Takwimu nyingine ya kuzingatia ni wepesi wa spika kuitikia umeme, unaopimwa kwa desibeli. Tofauti ya desibeli tatu humaanisha kwamba amplifaya inahitaji nguvu maradufu ili kutoa sauti ile ile. Hivyo, spika ya desibeli 84 huhitaji wati mara nne ya zile zinazohitajiwa na spika ya desibeli 90.

Suala hili lina uzito katika muziki wa klasiki kwa sababu okestra hunong'ona kisha ikapaza sauti ghafla. Amplifaya dhaifu itacheza vizuri katika sehemu za utulivu, kisha ikakwama na kutoa sauti chafu pale tarumbeta na ngoma zinapoingia. Muulize muuzaji pia kuhusu omu za spika. Zile za omu 4 huidai amplifaya zaidi kuliko za omu 8, na si kila amplifaya huyamudu madai hayo.

Jinsi ya kusikiliza dukani

Kwanza, beba muziki unaoujua. Chagua rekodi nne au tano ambazo umezisikiliza kwa miaka: sauti ya mwimbaji mmoja, piano peke yake, kundi dogo la ala za nyuzi, kwaya kubwa na okestra kamili. Usikubali kuchezewa rekodi za duka pekee, kwani muuzaji huchagua zile zinazoficha udhaifu wa bidhaa zake. Hakikisha kwamba rekodi zako si faili zilizobanwa mno, la sivyo utailaumu spika kwa kosa la faili.

Pili, sawazisha sauti. Huu ndio mtego unaowanasa wengi. Sikio hulichukua lile lenye sauti ya juu kidogo kuwa ndilo bora, hata pale ambapo tofauti ni ndogo mno kutambulika kama tofauti ya sauti. Simu ya mkononi yenye programu ya kupima desibeli inaweza kukusaidia kuzilinganisha jozi mbili kwa haki.

Tatu, omba usikilize spika moja pekee kabla ya kusikiliza jozi. Tafiti za Toole zilionyesha kuwa kasoro hujitokeza wazi zaidi spika ikisikika peke yake, kwani spika mbili zikicheza pamoja, upana wa sauti hulipumbaza sikio.

Nne, mpe mwenzako kazi ya kubadilisha spika huku wewe umefumba macho au umegeuka. Andika maoni yako kabla ya kuambiwa ni ipi iliyokuwa ikicheza. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakuwa na pingamizi. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tano, punguza sauti. Spika nzuri huendelea kuonyesha kila ala hata inapocheza kwa sauti ya chini, saa ambazo watoto wamelala. Kisha simama, utembee kando. Ikiwa sauti inabadilika kabisa pindi unapotoka mbele ya spika, ujue kwamba sauti inayogonga kuta za nyumba yako na kurudi itakuwa na kasoro hiyo hiyo.

Mwisho, usiharakishe. Spika yenye sauti kali na besi nene huvutia kwa dakika tano na kuchosha kwa saa moja. Sikiliza utungo mzima, na ikiwezekana urudi siku nyingine.

Chumba nacho ni ala

Spika iliyopendeza dukani inaweza kukatisha tamaa nyumbani. Nyumba nyingi za miji yetu zina kuta za mawe, sakafu ya saruji au vigae na madirisha makubwa ya vioo. Sauti ikigonga sehemu hizo ngumu hurudi kwa kishindo, na muziki ukavurugika.

Vipimo vya chumba vina nguvu zake pia. Chumba chenye urefu wa mita nne hukoleza sauti yenye takriban mitetemo 43 kwa sekunde, karibu kabisa na noti ya chini ya besi ya okestra. Noti hiyo itavuma kupita jirani zake hata kama spika ni ya bei ghali kiasi gani. Chumba chenye urefu, upana na kimo sawa huwa na tatizo kubwa zaidi, kwa vile pande zote hukoleza noti zile zile.

Dawa ya kwanza haigharimu chochote: isogeze spika. Ikikaribia ukuta, besi huongezeka. Ikiwekwa pembeni mwa chumba, huongezeka zaidi. Ivute mbele kidogo kidogo hadi sauti nzito itulie. Spika mbili na kiti chako viwe pembe tatu zenye umbali unaokaribiana, na kiti kisiegemee ukuta wa nyuma. Zulia nene sakafuni, mapazia mazito na rafu iliyojaa vitabu husaidia kutuliza mwangwi wa sauti nyembamba, ijapokuwa haviwezi kuifuta ngurumo ya besi.

Kwa mantiki hiyo, jaribio la mwisho sharti lifanyike nyumbani. Mwombe muuzaji akuruhusu kuzichukua spika kwa siku chache, hata kama atadai arubuni. Makubaliano hayo yaandikwe: ni siku ngapi, nani atalipia usafiri, na fedha zitarudishwa vipi iwapo hazitakufaa. Ikiwa hilo haliwezekani, nunua kwa tahadhari, na usitoe fedha zako zote kwa jozi ambayo hujaisikia chini ya paa lako.

Nyaya nazo zisikutishe. Waya wa shaba mnene wa kutosha, uliofungwa vizuri, hufanya kazi yake. Wanaokushawishi ununue waya wa bei sawa na ya amplifaya wanapaswa kukubali jaribio lile lile la kufumba macho.

Iwapo baada ya hayo yote jozi ya bei ya chini itaishinda ile ya bei ya juu, ichukue bila haya. Fedha zitakazobaki zitanunua zulia, rekodi mpya na tiketi kadhaa za maonyesho ya okestra, na huko ndiko sikio litakakoendelea kujifunza.